Jinsi Bakteria wa Mnyauko Anavyoikwepa Kinga ya Mgomba

Mwanafunzi akiulizwa ni viumbe gani walio na kinga dhidi ya maradhi, mara nyingi hutaja binadamu, ng'ombe na kuku, kisha hukoma hapo. Ukimdokeza habari ya mimea, hujibu kwamba mimea haina damu, kwa hiyo haina chembe nyeupe za damu, na kwa hiyo haina kinga. Nimelisahihisha jibu hilo mara nyingi katika karatasi za mtihani, na nakiri kwamba si jibu la mtu mvivu, kwani kila hatua yake inafuata ile iliyotangulia. Ubaya wake ni kuwa anayeliamini hawezi kueleza jambo linaloonekana waziwazi katika vibanja vya Bukoba na Muleba: kwamba bakteria mmoja anaangamiza migomba inayoliwa na watu, ilhali mgomba mmoja wa mwituni, ukidungwa bakteria huyo huyo, husimama imara. Kama mimea haina kinga, tofauti hiyo imetoka wapi?

Katika makala haya tutautumia mgomba kuelezea namna bakteria wa maradhi wanavyojirekebisha ili waishi ndani ya kiumbe kinachotaka kuwaua. Mwalimu atakayependa kulinganisha na binadamu atapata mfano mbele kidogo, nao pia umetoka huko huko Kagera.

Ugonjwa wenyewe

Kibanja cha Mhaya ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na ndani yake hupandwa pia mibuni, maharage na mazao mengine. Mgomba hutoa chakula cha kila siku, pombe ya rubisi, kivuli cha mibuni na matandazo ya kuhifadhi unyevu wa udongo. Kwa hiyo migomba inapokufa, kinachopotea si zao moja.

Katika miaka ya 2005 na 2006 wakulima wa Wilaya ya Muleba waliona migomba yao ikinyauka kwa namna wasiyoizoea. Majani yaligeuka manjano na kulegea. Ua dume, yaani lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, lilisinyaa. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na zilipopasuliwa nyama yake ilikuwa na madoa ya rangi ya kahawia. Shina likikatwa, baada ya dakika chache ute wa rangi ya manjano hafifu ulichuruzika kwenye jeraha. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, nje ya mji wa Bukoba, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, walikuwa miongoni mwa waliolishughulikia tatizo hilo tangu mwanzo, na uchunguzi wa maabara ulithibitisha kuwa ni mnyauko wa bakteria.

Bakteria mwenyewe alikuwa amekwisha kujulikana kwingine. Mwaka 1968 alielezwa nchini Ethiopia kwenye enseti, mmea wa ukoo wa mgomba ambao watu huko hula tunguu na shina lake badala ya matunda. Mwaka 1974 alielezwa kwenye migomba ya nchi hiyo hiyo. Kisha mwaka 2001 alionekana Uganda, na karibu wakati huo huo Masisi katika Kivu ya Kaskazini, Kongo. Baadaye Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Jina lake la kisayansi limebadilika kadiri maarifa yalivyoongezeka, na siku hizi huwekwa katika spishi ya Xanthomonas vasicola. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya manjano, na aliyewahi kuuona ule ute hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha vinasaba vya bakteria hao kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Ilibainika kuwa wamegawanyika katika koo kuu mbili: ukoo mmoja wa Ethiopia, Kongo na Rwanda, na wa pili wa Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Hata hivyo ndani ya kila ukoo tofauti zilikuwa chache mno. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Kinga ya kiumbe kisicho na damu

Mgomba hauna seli zinazozunguka mwilini kama askari wa doria. Hauna kingamwili. Badala yake karibu kila seli iliyo hai katika mmea hujilinda yenyewe, na hufanya hivyo kwa kumtambua adui kwanza.

Juu ya utando wa seli kuna protini ziitwazo vipokezi. Kila kipokezi kimeumbwa ili kishikwe na kitu fulani kisichopatikana katika mmea bali katika vijidudu. Mfano uliochunguzwa sana ni protini ya mjeledi ambao bakteria huutumia kuogelea. Katika miaka ya 1999 na 2000 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba mimea huitambua protini hiyo kwa kipande chake chenye asidi amino 22 tu, na katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis wakakipata kipokezi chenyewe. Mwaka 2001 ikaonyeshwa kuwa na binadamu ana kipokezi cha protini hiyo hiyo. Mmea na mtu, viumbe vilivyotengana zamani mno, vyote viwili vimefikia njia moja ya kumtambua mgeni kwa mguu wake.

Kipokezi kikishaguswa, ioni za kalsiamu huingia ndani ya seli kwa ghafla, na hiyo ndiyo kengele ya hatari. Seli hutoa kemikali kali zenye oksijeni, huuimarisha ukuta wake kwa kuweka tabaka la kalosi, na hutengeneza vitu vinavyozuia vijidudu kukua. Vijidudu vingi vinavyougusa mgomba kila siku huishia hapo, wala mkulima hajui kama lolote limetokea.

Bakteria afanyayo

Basi tumfuate bakteria wa mnyauko kuanzia mlangoni.

Ua dume huangusha magamba yake moja baada ya jingine, pamoja na maua madogo yaliyofunikwa na magamba hayo, na kila linapoanguka huacha kovu bichi lenye utomvu. Nyuki na wadudu wengine huja kutafuta maji matamu ya maua. Mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa, akiwa amepakwa ute, hutua juu ya kovu hilo. Mlango wa pili ni panga la mkulima likitumika kutoka shina hadi shina bila kusafishwa. Katika njia zote mbili bakteria hakuvunja ukuta wowote. Amengoja jeraha.

Toka hapo huingia katika mirija inayopandisha maji, yaani zailemu. Mahali hapa pamechaguliwa vyema, kama tunaweza kusema kwamba bakteria huchagua, kwa sababu mirija iliyokomaa ya zailemu imefanywa na seli zilizokufa. Seli iliyokufa haina kiini, haina vipokezi vinavyofanya kazi, wala haiwezi kupiga kengele. Ulinzi unaachiwa seli hai zilizo kandokando ya mrija.

Dhidi ya seli hizo bakteria wa jamii ya Xanthomonas wana mbinu kadhaa. Ya kwanza ni kujibadili sura. Katika spishi ya Xanthomonas campestris wamepatikana bakteria ambao asidi amino moja tu katika kile kipande cha mjeledi imekuwa tofauti, na kwa badiliko hilo dogo kipokezi cha Arabidopsis hakiwatambui tena.

Mbinu ya pili ni ule ute. Umejaa sukari ndefu iitwayo zanthani, ambayo viwanda huizalisha kwa kumfuga bakteria wa jamii hii na kuitumia kuongeza uzito wa michuzi na vyakula vingine. Ndani ya mmea zanthani huziba mirija hata maji yakashindwa kupanda, na ndiyo sababu moja mgomba hunyauka ilhali udongo una maji. Lakini ina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: huzinasa ioni za kalsiamu zilizo nje ya seli. Tumeona kuwa kuingia kwa kalsiamu ndiko kunakopiga kengele. Kalsiamu ikinaswa nje, kengele hulia kwa sauti hafifu au haisikiki. Katika spishi ile ile ya campestris imeonekana pia kuwa bakteria hawautoi ute huo kwa wingi wakiwa wachache, bali hupeana ishara za kikemikali, na idadi yao ikitosha ndipo huutoa kwa pamoja.

Mbinu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Bakteria ana chombo kilicho mfano wa bomba la sindano, kinachopenya tabaka zake mwenyewe na kumfikisha hadi ndani ya seli ya mmea. Kwa bomba hilo humimina protini ambazo hapa tutaziita protini za hujuma. Nyingine huvunja njia inayopeleka habari kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye kiini cha seli. Nyingine huingia ndani ya kiini chenyewe. Kipokezi kinaendelea kuguswa, lakini habari haifiki.

Bomba hilo si la kuachwa wazi wakati wote, maana kulitengeneza ni gharama. Xanthomonas akioteshwa maabara katika chakula kinono, jeni za bomba hulala. Akiwekwa katika maji yenye lishe duni, yanayofanana na yale yaliyo kati ya seli za mmea, jeni hizo huamka. Kwa maneno mengine bakteria huitambua nyumba aliyoingia, kisha huvaa silaha. Naomba walimu wakazie jambo hili, kwani wanafunzi wengi hudhani kuwa kijidudu ni kilekile popote kilipo.

Silaha inayomfichua mwenyewe

Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walitoa taarifa ya jaribio ambalo hadi leo nalifundisha kabla ya jingine lolote. Walikuwa na bakteria wa maharage, wakaharibu baadhi ya jeni zake, jeni ambazo baadaye zilijulikana kuwa ndizo za bomba. Bakteria hao wakashindwa kuugua maharage, yaani kuyatia ugonjwa. Hilo si ajabu. Lakini walipotiwa katika majani ya tumbaku, mmea ambao si mwenyeji wao, nao haukufanya kile ulichokuwa ukifanya siku zote, yaani kuziua haraka seli zake zilizoguswa ili mgeni akose pa kuishi.

Fikiri maana yake. Jeni zile zile zinazomwezesha bakteria kushambulia ndizo zinazomfanya atambuliwe. Ndani ya seli za mimea mingine kumo vipokezi vya safu ya pili, vinavyolinda dhidi ya protini za hujuma zenyewe. Bomba linapomimina, badala ya kuzima kinga huiwasha kwa ukali zaidi, na seli hujiua. Bakteria akipoteza protini iliyofichuliwa, hupita tena. Mmea ukipata kipokezi kipya, humkamata tena. Mashindano haya hayana mwisho, ila tu kama upande mmoja umeacha kushindana.

Na hapo ndipo mgomba wa Kagera ulipo. Migomba ya kupikwa ya nyanda za maziwa makuu ina seti 3 za kromosomu, jumla 33, nayo haizai kwa mbegu. Huzaa kwa machipukizi, na chipukizi ni nakala ya mama. Majina ya aina zake katika Kihaya ni mengi na tofauti zake jikoni ni za kweli, lakini kwa vinasaba migomba hiyo ni ndugu wa karibu mno. Bakteria akishaufungua mmoja, ameufungua wa jirani, na wa wilaya ya pili. Haimlazimu kubadilika tena, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu ya tofauti kuwa chache ndani ya kila ukoo wa bakteria hao. Anakutana na kufuli ileile kutoka Maruku hadi Masaka.

Mfano wa Kiziba

Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya mimea tu. La. Bomba la aina hiyo limo katika bakteria wa homa ya matumbo, wa kuhara damu na wa tauni. Kuhusu tauni, Kagera ina historia yake: mwaka 1898 Robert Koch alitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, yalikuwa tauni, baada ya kuchunguza vielelezo vilivyochukuliwa huko. Ilikuwa miaka 4 tu tangu Yersin amgundue bakteria wa tauni Hong Kong.

Bakteria wa tauni huishi ndani ya kiroboto, penye joto la nyuzi 20 na kitu, kisha huingia ndani ya mtu mwenye nyuzi 37. Katika utando wake wa nje ana mafuta yaliyoungana na sukari, ambayo mwili wa binadamu huyatambua mara moja. Kwenye joto la kiroboto mafuta hayo huwa na mikia 6. Kwenye joto la mtu bakteria hutengeneza mafuta yenye mikia 4, ambayo kipokezi chetu hakiyatambui vema. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliomlazimisha bakteria huyo kuendelea kutengeneza mikia 6 hata penye joto la nyuzi 37. Panya waliodungwa bakteria huyo hawakufa. Silaha nyingine zote alikuwa nazo. Alichopungukiwa ni ile hila ya kutotambulika.

Kinga inapokosa, mkulima hufanya nini?

Ule mgomba wa mwituni niliouahidi mwanzoni huitwa Musa balbisiana. Una mbegu, unazaliana kwa mbegu, na ukidungwa bakteria wa mnyauko huamsha kinga yake na kumzuia. Tusiharakishe, lakini, kusema kuwa damu yake inatosha: mgomba wa pombe ujulikanao Uganda kwa jina la Kayinja una seti 2 za kromosomu kutoka kwa balbisiana, na bado ni miongoni mwa migomba iliyoangamia kwa wingi. Watafiti walitafuta msaada mbali zaidi. Walichukua kutoka kwenye pilipili hoho jeni mbili zinazoharakisha ule uamuzi wa seli kujiua, wakazitia katika migomba, na katika majaribio ya shambani Kawanda, Uganda, yaliyotangazwa mwaka 2014, baadhi ya migomba hiyo haikuugua kabisa. Migomba ya namna hiyo haijafika katika vibanja vya Kagera.

Kwa sasa kazi ambayo kinga ya mgomba haiwezi kuifanya hufanywa na mkono wa mkulima, na kila agizo la bwana shamba lina sababu katika yale tuliyoyasoma. Ua dume huondolewa mapema, mara chane ya mwisho ya ndizi itokezapo, ili yale makovu yasiwepo. Huondolewa kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, kwa sababu kisu hubeba ute kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Panga husafishwa kwa moto au kwa dawa ya klorini. Chipukizi halichukuliwi kutoka kibanja chenye ugonjwa hata likionekana zima, kwani bakteria huweza kukaa ndani ya tunguu kwa miezi mingi bila dalili.

Agizo moja limebadilika, nami naliona ni mfano mzuri wa sayansi inayomsikiliza mkulima. Zamani aliambiwa ang'oe kisiki kizima na machipukizi yake yote hata kama shina moja tu limeugua. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na ilimwacha na njaa, kwa hiyo wengi hawakuitekeleza. Baadaye ilithibitishwa kuwa bakteria hasambai katika machipukizi yote ya kisiki kimoja, mengi humkosa. Hivyo sasa hushauriwa kukata usawa wa ardhi lile shina lililoonyesha dalili, upesi, na kurudia kila dalili mpya inapoonekana, mpaka ugonjwa upungue kibanjani. Njia hiyo humdai mkulima macho kuliko nguvu, nayo hushindwa pale ambapo majirani hawaifuati.

Zoezi kwa wanafunzi

Shule yenye migomba mizima inaweza kufanya uchunguzi ufuatao bila chombo chochote cha maabara. Chagueni migomba 5 iliyotoa ua dume, ikiwezekana ya aina mbalimbali. Kwa siku 10, kila asubuhi saa moja, hesabuni magamba yaliyoanguka na makovu mabichi yanayoonekana, na andikeni ni wadudu gani waliotua hapo katika muda wa dakika 15. Mtaona kwamba aina nyingine za migomba haziangushi magamba yake, bali huyabakiza yakikauka juu ya kikonyo. Andikeni jina la aina hizo kama linavyojulikana kijijini, kisha waulizeni wakulima kama mnyauko uliwahi kuziingia kwa njia ya ua. Uchunguzi huu usifanyike katika kibanja chenye ugonjwa, na asiguse mtu mkungu kwa kisu.